Sahani Iliyorudishwa Jikoni

Mwaka wa sabini na nne, foleni ya mafuta ya kupikia ilizunguka duka la ushirika la Mtwara. Gaudensi, karani wa bandari aliyetoka Mbinga, alisimama humo na suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, amekumbatia nazi mbili.

"Kaka, hizo nazi unazipeleka kubatizwa?" aliuliza dada wa nyuma yake, mwenye gauni la maua ya samawati.

"Nataka kuzipika, dada'angu. Kwetu hakuna nazi. Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwangu. Mimi Rozalia. Nafundisha mapishi darasa la jioni la watu wazima."

Alikwenda. Alikuwa mwanamume pekee kati ya akina mama kumi na tisa, nao walimcheka hadi machozi alipojikuna vidole badala ya nazi. Kwa miezi mitatu alijifunza kuchuja tui, kutwanga korosho za mchuzi, na kuwanawisha wageni akianza na mkubwa. Akazoea pia kumsindikiza mwalimu hadi kwa Mama Mwajuma, mama wa Kiislamu aliyempangisha Rozalia chumba na kumlea kama mwanawe.

"Mpenzi, wazazi wangu wako mbali, Tabora," Rozalia alimwambia siku alipomposa. "Wamesema neno la Mama Mwajuma ndilo neno lao. Mkaribishe kwako, akuone."

Jumapili baada ya misa, Gaudensi aliwakaribisha wote wawili pamoja na majirani. Alitaka kila kitu kitoke mkononi mwake: alifagia, akachinja, akakuna, akapika, akiomba Mungu kimoyomoyo. Harufu ya kuku wa nazi ikajaa nyumba.

Mama Mwajuma akanawa, akasema, "Bismillahi," akanyoosha mkono kwenye paja la kuku.

Hapo Gaudensi akaganda. Wakristo wa Mtwara wakialika Waislamu, humwita Mwislamu achinje. Alilijua hilo. Kwa kiburi cha kufanya yote mwenyewe, alilisahau.

"Usile, Mama!" Akampokonya sahani. Watu wakaduwaa. Aibu ikamfunga ulimi. "Ha... hajaiva."

Kuku alikuwa ameiva hadi nyama inaachana na mfupa. Mama aliona. Akajitanda khanga yake, akatoka.

"Umempokonya mama yangu chakula mbele za watu," Rozalia alisema mlangoni. "Basi, Gaudensi. Yameisha."

Siku tisa alisali rozari bila usingizi. Siku ya kumi akapiga simu ofisi ya elimu ya watu wazima, alikofanya kazi Rozalia.

"Roza, usikate. Nilidanganya. Yule kuku nilimchinja mimi."



"Wewe? Ee Mungu wangu! Mbona hukusema?"

"Niliona haya. Leo nakwenda kumwambia Mama mwenyewe, hata akinifukuza."

Jioni akapiga hodi, akapiga magoti ukumbini, akasema yote. Mama Mwajuma alimtazama, kisha kicheko kikamtoka hadi khanga ikamwanguka begani.

"Mwanangu! Na mimi nimewaambia majirani una choyo cha paja la kuku! Ungesema tu, ningekula wali mtupu."

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshasamehe. Mwingine angeninyamazia nile." Akageukia pazia. "Wewe Rozalia, toka huko unakosikiliza. Andika barua Tabora. Waambie nimeridhika."

Rozalia akatoka, macho mekundu, akamshika Gaudensi mkono.

"Inuka ukae, mume wangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Miaka mingi imepita, na Gaudensi bado hulisikia neno lile, pamoja na muungurumo wa taa ya karabai iliyowaka mezani jioni ile.