Ada ya Mirathi ya Eufrasia

Kila asubuhi Eufrasia wa Ndandalo alianika kakao, kisha akawapikia wanawe uji. Tangu mumewe afariki, alifanya kazi huku akichungulia njiani. Alikuwa na hofu. Shemeji yake Hezroni alikuwa ameanza kuvuna kakao ya marehemu bila hata kuomba.

"Shamba ni la ukoo," alisema Hezroni.

Kikao cha ukoo kilimpendekeza Eufrasia awe msimamizi wa mirathi. Lakini mahakama ndiyo humthibitisha. Akaenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao.

Mlangoni akasimama. Ndani alikaa baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akarudi nje upesi. Bwana mmoja nadhifu akamfuata.

"Nipe karatasi nizipige picha, mama, nikuingizie. Siku hizi ni kompyuta. Ada ya mtambo ni laki moja na nusu. Tuma kwenye simu yangu."

Akatuma. Hapo ndipo alipokosea, na si yeye peke yake; wengi hudanganywa hivyo.

Wiki tatu zikapita kimya. Simu ya yule bwana haikupatikana. Hezroni akaleta watu wa kupima shamba. Wanangu watakula nini, Eufrasia alijiuliza.

"Kuuliza si ujinga," jirani yake Marta akamwambia. "Twende wote."

Mahakamani karani, Bwana Ambrose, akatafuta kwenye kompyuta. "Mama, shauri lako halimo."

Eufrasia akasogea mezani. "Na ada niliyolipia kompyuta?"

"Ada ipo, mama, na mfumo huu unaendeshwa kwa gharama. Lakini ada hailipwi kwenye simu ya mtu. Mfumo hutoa namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo, upate risiti ya serikali. Asiye na uwezo huomba asamehewe. Na yule mtu, karipoti polisi."

"Na kama mkwe wangu yumo ndani?"

"Niambie tu. Utaingia yeye akishatoka."

"Ndaga fijo," akashukuru Eufrasia.

Akafanya yote. Tangazo la maombi yake likabandikwa, muda wa pingamizi ukaisha, na hakimu akamthibitisha.

Kesho yake alimkuta Hezroni shambani, kikapu kimejaa. Hakurudi nyuma.

"Shemeji, weka chini. Hii ni kakao ya watoto wa kaka yako."

Akampa hati ya mahakama. Hezroni akaisoma mara mbili. Akakiweka kikapu chini.