Kifuniko cha Arbia

Kila asubuhi kabla ya shule, Hawo alitia vijinga vya moto ndani ya haan, vyombo vya kusukwa vya maziwa, akavitikisa hadi moshi ukolee. Mama yake, Qali, ndiye aliyevisuka na kuviuza. Mwaka huo wa 1966 vita vilikuwa vimewafungia watu wao nyuma ya seng'enge, nje kidogo ya mji wa Garissa. Ngamia walichukuliwa, nyumba zikachomwa pamoja na vyote vilivyokuwamo. Bila haan za Qali, wangelala njaa.

Sasa Guleid, mfanyabiashara asiyejua hata kushika sindano ya kusukia, alikuwa ameomba hataza, yaani haki ya kuwa yeye peke yake wa kutengeneza kifuniko cha haan cha tabaka mbili chenye ngozi katikati. Alidai amekibuni yeye. Akipewa, mwanamke yeyote atakayekisuka atashtakiwa. Uroho gani huo!

Afisa wa hataza aliyetoka Nairobi alitangaza masharti. "Anayesema kifuniko hiki kilikuwapo kabla ya ombi la Guleid, alete cha zamani chenyewe kabla ya adhuhuri ya Ijumaa. Aonyeshe kinafanana wapi, na nani anajua umri wake. Maneno matupu sipokei."

"Hooyo, vyetu vya zamani viliungua," Hawo alimwambia mama yake. "Tuseme hiki kipya ni cha zamani."

"Thubutu! Nitazunguka kijiji kizima. Hakosekani mtu aliyeokoa kimoja."

Ijumaa jua lilipanda na Qali bado hajarudi. Hawo akashikwa na hofu. Alichukua haan mpya, akaibabua nje kwa moshi mpaka ikawa nyeusi, akaipaka samli, akakimbia nayo ofisini.

"Ni ya marehemu bibi yangu," alisema. "Aliitumia miaka mingi."

Afisa alikaribia kuipokea. Guleid akaidaka, akaingiza pua ndani, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Bwana, nusa! Sisi tunatia moshi ndani, hii imetiwa nje. Hata harufu ya maziwa hakuna. Hii imezaliwa leo! Watu ya seng'enge yote ni waongo, wallahi."

Afisa aliitupa haan nje ya mlango. Hawo alitamani ardhi immeze.

Papo hapo Qali akaingia na jirani yao Arbia, mjane, amekumbatia haan ndogo kifuani. Nyuma yao walikuja wanawake watatu walioijua haan hiyo tangu ilipokuwa mpya.

"Hii mtoto yangu alikunywa maziwa ndani," Arbia alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mtoto alikufa njiani, tukiletwa hapa. Mimi nimebaki na hii tu."

Afisa alikitazama kifuniko, kisha akamtazama Hawo. "Leo nimeshadanganywa mara moja. Siamini tena kwa macho. Kikatwe, nione ndani."

"Bwana, tafadhali. Shika, angalia, usikate."

Kisu kilikuwa kimeshatoka. Arbia alikishika kifuniko mwenyewe, kwa mikono miwili, kikakatwa katikati. Zikaonekana tabaka mbili, na ngozi kuukuu iliyokakamaa kwa maziwa. Wanawake wale wakaapa kwamba wanakijua. Ombi la Guleid likakataliwa hapo hapo, naye akatoka.

Arbia alipiga magoti kuokota vipande sakafuni. Hawo alipoinama kumsaidia, Arbia aliusukuma mkono wake.

"Hooyo, si tumeshinda?" Hawo aliuliza walipofika nje.

"Tumeshinda," Qali alijibu. Hakumpiga, wala hakumshika mkono. "Ungesubiri, afisa angekiangalia kifuniko cha Arbia na kumrudishia kizima. Ulidhani uongo wako utamuumiza Guleid. Guleid amekwenda zake kula chakula cha mchana. Ukidanganya, mwanangu, anayeteseka ni mkweli anayekuja nyuma yako, kwa sababu umemharibia imani ya watu. Sasa nenda ukamwombe radhi Arbia. Asipokusamehe, usimlaumu."