Isack Alipata Matone au Hakupata?

Tusajigwe ni fundi cherehani. Anaishi Goba na mumewe Didas na mtoto wao Isack, mwenye miaka mitatu.

Asubuhi moja alikuwa anashona sare za shule. Zilitakiwa kesho yake, na sindano ilikuwa imeshakatika mara mbili. Mara dada mmoja akabisha hodi. Alisema anaitwa Editha, na yuko kwenye timu inayopima kampeni ya afya ya watoto. Alitaka kujua kama watoto wadogo wa nyumba ile walipata matone ya vitamini A na dawa ya minyoo mwezi uliopita.

Tusajigwe alishusha pumzi. Wiki ile walishapita watu wa maji, watu wa taka na watu wa anwani za makazi. Kila mmoja na maswali yake. Akajibu bila kuinua macho kwamba wote wamepata.

Editha hakuondoka. Akauliza wote ni wangapi, na kama uani kuna wapangaji. Tusajigwe akamtaja Isack, kisha akamwita mpangaji wake, Mauwa, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mauwa akatoka na mwanawe Farhan, wa miezi minane. Alisema yeye hakwenda zahanati. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia, na hakuna aliyemwambia.

Editha akatoa vidonge viwili laini, cha bluu na chekundu.

"Cha bluu ni cha mtoto wa miezi sita hadi kumi na moja," alisema. "Chekundu ni cha kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano. Muuguzi hukata ncha, akamkamulia mtoto mdomoni. Isack alipewa hiki chekundu?"

Tusajigwe akasimamisha cherehani. Siku ile aliyempeleka Isack ni baba yake. Akampigia Didas kazini. Didas alizunguka weee, mwishowe akasema foleni ilikuwa ndefu na jua kali, basi wakarudi.

"Lakini uliniambia tayari," Tusajigwe alisema.

"Nilikwambia tulienda. Na kweli tulienda."

Tusajigwe akakata simu. Hasira zote akamgeuzia Editha. Akamuuliza kwa nini asiende kusoma daftari la zahanati, awaache watu na kazi zao.

"Daftari tumelisoma, mama Isack," Editha alijibu taratibu. "Zahanati ilihesabu vidonge vilivyotumika, ikalinganisha na watoto inaowajua. Ikaonekana kwa kila watoto mia, waliopata ni mia na kumi. Hilo haliwezekani. Wengine walitoka mitaa ya jirani. Na wako watoto wa hapa, kama Farhan, ambao hawamo daftarini kabisa. Ndiyo maana tunachagua nyumba kwa kura, tunauliza mtoto mmoja mmoja. Mkituambia wote wamepata, tutaandika mtaa umefikiwa, na hakuna atakayerudi."

Akaeleza kwamba vitamini A hulinda macho ya mtoto, na huupa mwili wake nguvu ya kupambana na surua na kuhara. Minyoo nayo hunyonya chakula chake, akadhoofu.

Tusajigwe aliona aibu, ingawa hasira haikuisha.

"Futa lile jibu langu," alisema. "Andika Isack hakupata. Na Farhan hakupata."

Baada ya wiki mbili majibu yalitoka. Kati ya watoto thelathini walioulizwa mtaani, tisa hawakupata. Wengi wao walikuwa wa wapangaji, au wa wazazi wanaorudi kazini jioni. Kwa hiyo mjumbe wa mtaa alipita hadi vyumba vya uani, akaandika jina la kila mtoto. Kisha zahanati ikaweka kituo Jumamosi mchana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ili waliokosa wapate.

Mauwa alikuwa wa kwanza kufika. Farhan akapewa matone tu, maana dawa ya minyoo ni ya kuanzia mwaka mmoja, akajilamba midomo.

Didas alisimama kwenye foleni saa nzima na nusu, Isack begani, shati limelowa jasho. Tusajigwe alikuwa kando yake, na hakumwonea huruma hata kidogo. Zamu yao ilipofika, Isack alifumba mdomo. Ilibidi baba yake amtekenye. Kidonge chekundu kikakamuliwa, dawa ya minyoo ikasagwa na kunywewa kwa maji.

Muuguzi akaandika tarehe kwenye kadi ya kliniki ya Isack. Tusajigwe aliichukua, akaisoma mwenyewe mara mbili, ndipo akakubali warudi nyumbani.