Nilimfungia Mtoto Wangu Maji

Nilimpata Kalunde wangu, miaka tisa, amepiga magoti bandani... anakunywa maji ya kuku!

Nihukumuni mkishamaliza kusoma. Pipa letu la maji lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Hapa Katangi maji tunayafuata mbali, kwa punda. Na huyu mtoto wiki mbili mfululizo alikuwa anamaliza jagi zima, halafu anakojoa kitandani. Nikianika godoro, linajaa sisimizi!

"Mwaitu, mama yangu, niko na kiu..."

"Kiu gani? Ndio ukojoe tena? Utakunywa kesho!"

Alikonda mpaka sketi ya shule ikafungwa na pini. Nikampa dawa ya minyoo, nikajiona mama mjanja.

Sasa pale bandani alijaribu kusimama, akaanguka. Anahema tu! Nikambeba mbio hadi dukani kwa Fathia.

"Nipe soda! Mtoto ameishiwa nguvu!"

Chupa ilikuwa imeshagusa midomo ya mtoto, Fathia alipomnusa... akaipiga kofi, ikapasuka sakafuni!

"Fathia! Unataka kuniulia mtoto?!"

"Mama Kalunde, pumzi yake inanuka kama matunda yameoza," akasema, machozi yanamtoka. "Mdogo wangu Sucdi alianza hivi hivi. Tukampa soda apate nguvu. Tulimzika."

Akafunga duka, akatupakia kwa pikapu yake.

Hospitalini walimtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu hadi mashine ikashindwa kuisoma.

"Ni kisukari," nesi akasema.

"Huyu?! Si hiyo ni ya wazee wanene? Sisi hata chai tunakunywa bila sukari!"

"Unayosema ni aina ya pili, na hata hao si wote wanene. Huyu ako na aina ya kwanza. Mwili umeacha kutengeneza insulini, ile inayoshusha sukari. Atadungwa insulini kila siku, maisha yake yote. Akiachwa hivi, inaharibu macho, figo, miguu... inaua."

"Na ile kiu?"

"Sukari ilikuwa inatoka kwa mkojo, inabeba maji yote ya mwili. Mama, maji ndiyo yamemfikisha hapa akiwa hai."

Hakujua habari ya kufuli. Nilishindwa kumwambia.

Siku ya pili Kalunde akafungua macho.

"Mwaitu, naomba maji... kidogo tu. Sitakojoa."

Nililia hadi nikatolewa nje.

Mzazi, mtoto akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana, anakonda, anachoka, mpeleke apimwe sukari leo. Usimchape. Usingoje.

Hatuna friji. Insulini yake inakaa kwenye chungu, kimezungushiwa mchanga wenye maji ili ikae baridi. Mchanga nauloweka mwenyewe kila asubuhi, kwa maji ya pipa lile lile.

Kufuli nilitupa chooni.