Mwizi wa Mteremko wa Chabrières

"Garcin, mzigo anao. Asifike chini."

Sauti ya Mkuu Barnouin wa upelelezi ilikwaruza ndani ya helmeti ya Odile Garcin.

"Kauficha wapi?"

"Kwenye pezi la sponji. Mguu wa kulia."

Odile akatupa jicho. Hatua kumi mbele yake, juu kabisa ya mteremko wa Chabrières, Luc Reverdy alikuwa akifunga skii zake ndefu za kutelezea thelujini. Suti nyekundu ya plastiki ilimbana mwili mzima. Nyuma ya mashavu ya miguu alivaa mapezi ya sponji, kama washindani wote, ili upepo umpite bila kumshika.

Ndani ya pezi moja mlikuwa na diski ndogo kuliko ukucha. Diski hiyo ilibeba namba za siri za kufungulia milango ya bwawa la bondeni. Chini ya bwawa hilo, watu wa vijiji kumi na saba walikuwa wanakunywa kahawa ya asubuhi.

Wanunuzi walikuwa wameshafika. Helikopta yao ilinguruma mwisho wa uwanja.

"Askari wako wapi, Mkuu?"

"Theluji imeporomoka barabarani. Dakika ishirini. Uko peke yako."

Bastola hakuwa nayo. Suti ya mashindano aliyovaa naye haifichi hata leso.

Reverdy aligeuka. Akamtambua.

"Ala! Garcin! Bado unatembea?"

"Vua hayo mapezi, Luc."

"Njoo univue." Akacheka. "Paja limepona? Nasikia ngozi iliyeyuka pamoja na suti. Ulilia kama mtoto."

"Nililia. Vua."

"Nifuate basi, mwoga we!"

Akajirusha kabla taa haijawa ya kijani.

"We! Rudi!" mwamuzi alipiga kelele.

Odile alitazama chini. Miaka minne, tangu aanguke hapo, hakuwa ameugusa mteremko ule. Akazielekeza skii mteremkoni.

Akaruka.

Sekunde ya tatu, kilomita mia kwa saa.

Sekunde ya sita, mia na themanini.

Alijikunja, mikono mbele, kidevu juu ya magoti. Theluji ngumu ilipiga nyayo zake kama nyundo. Suti nyekundu ilikuwa mbali mbele, na haikusogea karibu hata kidogo.

Ndipo akaingia kwenye njia ya Reverdy, nyuma yake kabisa.

Pale upepo ulikuwa umeshapasuliwa na mwili wa mwanamume yule. Kelele zikapungua ghafla. Odile akaanza kuvutwa mbele, mita thelathini, kumi, tano.

Wakavuka mstari wa kupimia mwendo.

Kila mshindani huanza kuinuka pale, taratibu, ili upepo umpunguze. Reverdy hakuinuka. Alikuwa anailenga helikopta.

Odile akachomoka pembeni, akampita, akajitupa mbele ya pua yake.

Kisha akafungua mikono yote miwili.

Upepo ulimgonga kifuani kama mlango wa chuma. Mabega yalitaka kung'oka. Nyuma yake hewa ilivurugika, ikamkamata Reverdy bila taarifa. Skii moja ya Reverdy ikainuka.

Sentimita chache tu. Kwa mwendo ule, zilitosha.

Alianguka kwa ubavu, akaburuzika mita mia tatu huku suti ikitoa moshi.

Odile alisimama, akamrudia. Reverdy alikuwa hai, akigumia kwa maumivu.

"Ungeniua, mshenzi wewe!"

"Usijikune. Ngozi itatoka."

Akalipasua pezi la kulia kwa ncha ya skii. Diski ikadondoka kwenye theluji. Akaiokota, akaibana kwenye meno.

Helikopta iliinuka haraka, mlango bado wazi, ikatokomea nyuma ya kilele.

"Garcin! Sema kitu!" Barnouin aliita ndani ya helmeti.

Akaitoa diski mdomoni. "Ninayo. Leta machela. Wanunuzi wameelekea mpakani, mashariki."

"Ndege zetu ziko juu. Watashushwa."

Mpima mwendo alikuja mbio, karatasi mkononi, macho yamemtoka.

"Mama! Mia mbili thelathini na moja! Lakini mlikuwa wawili njiani. Siwezi kuihesabu."

"Futa," Odile alisema.

Akabeba skii begani, akaondoka.