Gunia la Herufi M

Rafu ilikuwa imejaa vumbi la unga pande zote isipokuwa mahali pamoja: duara safi, upana wa mikono miwili. Duara hilo ndilo lililomtoa Inspekta Rehani Farajallah ofisini mwake, Jumatatu ya pili ya Ramadhani, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne, akaja hadi ghala la kiwanda cha unga cha Kawangware.

Hapo penye duara palikuwa na gunia dogo la mahindi. Sasa hapakuwa na kitu. Kando yake lilisalia gunia la pili, limefungwa uzi mwekundu, lina kibandiko chenye herufi moja ya wino mzito: K.

"Mwizi mwenye haya," alisema Konstebo Waithaka. "Amekula nusu akatuachia nusu."

Rehani hakucheka. Alikuwa akimtazama msichana aliyesimama mlangoni katika koti jeupe la maabara, mikono yake ikizungushana kama inayosokota kamba.

"Jina lako, binti?"

"Sella Musimbi. Ni mwanafunzi wa sayansi ya chakula, mwaka wa tatu. Niko hapa kwa mafunzo ya kazini, na hayo magunia ni ya utafiti wangu."

"Lililoibwa lilikuwa na herufi gani?"

"M."

"Ndani mna nini?"

"Sumu, afande."

Alieleza kwa sauti iliyokatikakatika. Mahindi ya gunia M aliyaoteshea kuvu kwa majuma matano, kisha akayaosha na kuyaanika, apate kujua kama maji huondoa sumu ile. Kuvu iliondoka. Sumu ilibaki.

"Ukiyatazama ni meupe pepe," alisema. "Ukiyanusa, hayana harufu. Hata moto wa jikoni hauiondoi. Inashika ini."

Musau, mtunza ghala, mtu wa makamo mwenye funguo kiunoni, alivua kofia. "Kwetu Ukambani, mwaka wa themanini na moja, watu walikula mahindi yenye kuvu. Tulizika."

Mvua ya masika ilikuwa haijanyesha. Kawangware na Kibera, kina mama walipanga foleni ya unga tangu alfajiri, na wengi walirudi na mifuko mikavu. Katika mwaka kama ule, debe moja la mahindi lisingekaa siku mbili bila kutafuta chungu.

"Lilionekana mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi asubuhi," alijibu Musau. "Saa saba mchana tulifunga. Leo nimefungua, halipo. Kufuli ni zima."

Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza poda yake, akatikisa kichwa. Rafu ile ilikuwa imeshikwa na kiwanda kizima.

*

Mhadhiri wa Sella, Dakta Gichuru, alifika saa nne unusu, viatu vyekundu kwa vumbi la barabara. Rehani hakumpa nafasi ya kuketi.

"Una wanafunzi wangapi viwandani, Daktari?"

"Arubaini na watatu."

"Viwanda vingapi?"

"Kumi na saba. Thika, Limuru, hata Kitale."

"Gari?"

"Moja. Halina magurudumu mawili tangu Februari."

"Kwa nini sumu iwekwe katika ghala la chakula?"

Gichuru alijipangusa uso. "Paa la ghala letu linavuja, Inspekta. Utafiti wa mwaka jana uliliwa na panya. Na viwanda navyo havipendi wanafunzi. Vinahofia siri zao, au vinawapa mifagio. Meneja wa hapa alinipa rafu. Mtu akikupa rafu, hubishani naye."

"Uliwaeleza wafanyakazi kilichomo?"

"Niliandika barua."

"Kwa lugha gani?"



"Kwa Kiingereza," alisema Gichuru.

"Mimi niliambiwa tu ni vitu vya chuo, visiguswe," alisema Musau. "Barua nimeihifadhi vizuri sana."

Rehani alirudi mbele ya rafu. Mtu mwenye njaa angebeba magunia yote mawili, au angechukua la karibu na mlango. La karibu na mlango lilikuwa K. Huyu mtu alilipita hilo, akanyoosha mkono hadi pembeni. Alichagua. Basi ama alitaka kuua, ama alisoma vibaya.

"Binti, herufi hizi ulizichagua wewe?"

"Ndiyo. Chuoni tungeandika kwa Kiingereza. Mimi nilitaka kila mtu wa hapa aelewe, nikaandika kwa Kiswahili. K ni kilinganishi, yale mahindi safi tunayolinganishia. M ni maambukizi."

Rehani aligeuka. "Musau. Ukiambiwa mojawapo ya magunia haya lina kuvu, utaogopa lipi?"

"Hilo la K, afande. K si kuvu?"

"Na M?"

"Mahindi. Au mazuri."

Sella alijifunika mdomo kwa viganja viwili.

Inspekta Rehani alikuwa mzaliwa wa Makina, Kibera, mtoto wa Kinubi, na herufi alizisoma kwanza ubaoni msikitini. Mwalimu wake alikuwa akisema kwamba nukta moja ikitiwa juu ya herufi aini, neno la Kiarabu la asali hugeuka la josho. Kwa hiyo, aliwaambia, someni maandishi, kisha mchungueni na msomaji. Alama ile ya K haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika jicho lililoitazama. Na jicho hilo lilikuwa la mtu aliyeambiwa habari ya kuvu, lakini hakuambiwa maana ya herufi.

"Ulimwambia nani habari ya kuvu?"

"Mtu mmoja tu. Nicanor, mwanafunzi mwenzangu. Tulikuwa tunafagia hapa pamoja, nikamwambia asiguse, gunia moja lina kuvu." Sauti yake ilififia. "Sikumwambia lipi. Tuliitwa kupakia lori."

*

Nicanor aliletwa ofisini kwa meneja. Kijana mrefu, shati limefuliwa hadi kola ikachanika, ametulia kama mtu aliyelala vizuri. Mezani mbele ya Rehani palikuwa na daftari lake la mafunzo.

"Umekuwa hapa majuma mangapi?"

"Tisa, afande."

"Umejifunza nini?"

Nicanor alitabasamu kidogo. "Si imeandikwa hapo?"

Rehani alifungua. Katika safu ya 'Niliyojifunza leo', siku baada ya siku, mwandiko ule ule: Nimefagia ghala. Nimepakia lori. Nimefagia ghala. Chini ya kila juma palikuwa na sahihi ya Gichuru na maneno mawili: Ziara imefanyika.

"Daktari amekutembelea mara tisa?"

"Hajafika hata mara moja. Hutumiwa madaftari kwa posta, huyarudisha yametiwa sahihi. Hatumlaumu sana. Tuko wengi."

"Kumeibwa gunia la chuo. Unajua?"

"Nimesikia. Lakini afande, mbona mnahangaika hivi? Mpaka alama za vidole! Lile lenye kuvu si liko pale bado? Nimeliona nikipita."

Kalamu ya Waithaka ilisimama juu ya karatasi. Rehani hakubadili sauti.

"Jumamosi uliondoka na nini?"

"Pumba. Kila Jumamosi wafanyakazi hupewa pumba za kuku."

"Musau anasema kwa majuma manane hukuwahi kuomba."

"Dada yangu amepata kuku."

"Unakaa kwake wapi?"

"Lindi, Kibera."

"Anafuga kuku wangapi?"

"Wachache."

"Wachache wangapi?"

"Watatu... wanne."

"Katika chumba kimoja cha kupanga? Mimi nimezaliwa Kibera, kijana. Kuku wa Lindi hujulikana kwa majina kuliko watu."

Waithaka alikohoa kuficha kicheko. Nicanor hakucheka.

"Mlinzi wa lango hudunga mifuko ya pumba kwa chuma," aliendelea Rehani. "Wako hakuudunga. Kwa nini?"

"Alisema... mimi ni msomi."

Rehani aliinamia meza. Alimsomea onyo: ana haki ya kunyamaza, na atakalosema litaandikwa na laweza kutolewa ushahidi mahakamani. Kisha akasema taratibu, kila neno peke yake:

"Nicanor, K ni kilinganishi. M ni maambukizi. Lililobaki ni safi."

Kwanza kijana hakuelewa. Kisha damu ilimtoka usoni, mtu angeiona ikishuka.

"Leo asubuhi," alisema. "Leo asubuhi dada yangu Filister ameyapeleka kusagwa."

"Saa ngapi hupika?"

"Watoto hutoka shule ya Kianda saa saba kasorobo."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika kumi na mbili.

*

Land Rover ya polisi ilikata Ngong Road honi ikilia, ikashuka Kibera hadi njia ya magari ilipokoma. Kuanzia hapo walikimbia. Waliruka mitaro, wakapenya kamba za nguo, Nicanor mbele na pingu mikononi, Rehani nyuma yake, ingawa amefunga saumu. Waithaka alichepuka kwenda kinu cha kusagia, kusimamisha mkanda na kuzuia unga wote uliosagwa nyuma ya ule.

"Ni wapi?"

"Pale kwenye mlango wa buluu!"

Mama mmoja mwenye leso kichwani alikuwa amechutama mbele ya jiko, akigeuza ugali mweupe kwa mwiko. Watoto watatu waliketi juu ya gogo, mikono yao imenawishwa, inadondoka maji.

"Dada, usipakue!"

Filister aliinua uso. Aliona pingu kwanza. "Nicanor? Hawa askari ni wa nini? Si ulisema kiwanda kimewapa?"

Rehani aliishika sufuria kwa mikono mitupu, akaitua mbali chini. Viganja viliungua, hakuhisi hadi baadaye.

"Wewe mzee, hicho ni chakula cha watoto wangu! Ijumaa walilala na maji ya chumvi, ulikuja na Land Rover?"

"Kina sumu, mama."

"Sumu? Haya mahindi nimeyaosha mara mbili kwa mikono yangu!"

"Yalikuwa yameoshwa kabla yako. Hayaoshiki. Nani ameonja?"

Filister alimtazama Nicanor tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha macho yake yakaenda ndani ya chumba. Kitandani alilala mtoto wa nne, msichana mdogo.

"Caren. Alilia tangu niliporudi kutoka kinuni. Nilimpa uji, kikombe kimoja."

"Mwingine?"

"Nimempa jirani yangu, Nanyama, gorogoro moja, mkebe mzima wa punje. Hunishikia watoto nikienda kufua. Sikuwa na kingine cha kumpa."

Mlango wa pili, sufuria ya Nanyama ilikuwa motoni, mahindi na maharagwe, bado magumu kama kokoto. Nanyama alisimama kati ya Rehani na jiko, ametanua mikono, hadi Filister mwenyewe alipomwambia, "Mwachie." Kila punje ilirudishwa guniani, kila unga ukafungwa kwa lakiri ya polisi. Rehani alimbeba Caren begani hadi kwenye gari.

*

Hospitali ilisema kikombe kimoja ni kidogo, na mtoto alikuwa anacheka. Lakini daktari aliagiza alazwe, na kila asubuhi mtu amtazame weupe wa macho, kama utageuka manjano. Siku kumi.

"Na baada ya siku kumi?" aliuliza Filister.

"Tutajua."

Waliketi kwenye benchi la ukumbini. Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali. Rehani alifuturu kwa maji ya bomba, akamshukuru Mola, glasi ikiwa katika viganja vilivyofungwa bandeji. Kisha akamgeukia Nicanor.

"Sasa sema."

"Nilichukua mimi," alisema kijana. Waithaka aliandika. "Ufunguo hupewa mfagiaji. Niliweka gunia ndani ya pumba. Niliacha la K makusudi, afande. Nilisema nisije nikaua mtu."

"Kwa nini ulichukua?"

Nicanor alimtazama dada yake. "Kijiji kizima kilinichangia nije kusomea chakula. Chuo hakitupi posho tukiwa viwandani. Nilikuja kwake juma moja, nikakaa tisa, ninakula sahani ya watoto wake. Kila jioni narudi nina unga kwenye nywele, kwenye nyusi, na mikono mitupu. Ijumaa, huyu mdogo, Caren, alinipangusa unga wa shingoni kwa kidole, akakilamba."

Filister aliweka leso machoni. Alisema bila kuiondoa, "Sikukuuliza kitu, Nicanor. Hata siku moja sikukuuliza."

"Ndiyo maana," alijibu.

Rehani alimpa maelezo atie sahihi. Kijana aliomba na daftari lake la mafunzo, lililokuwa kwa Waithaka. Chini ya tarehe ile, katika safu ya 'Niliyojifunza leo', aliandika kwa muda mrefu, mwandiko ukibanana, akavuka mstari na kuingia pambizoni.

Dakta Gichuru aliingia wakati huo, amekuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, jasho shingoni. Aliliona daftari na, kwa mazoea ya mkono, akatoa kalamu mfukoni atie sahihi.

Inspekta Rehani alilifunika daftari kwa kiganja chenye bandeji.

"Leo umefika, Daktari," alisema. "Soma kwanza."