Kiwanja cha Mke Mwenza

Mwajabu alikuwa na jicho la kupima. Wauza maharage wa soko la Kibondo walimjua vizuri. Akisimama mbele ya kisado cha kupimia, muuzaji aliongeza kiganja kimoja kabla hajaambiwa. Nyumbani alijua ni kikombe kipi kimepungua sukari. Jicho hilo lilimsaidia sana, mpaka mumewe, Hilali, alipooa mke wa pili kule Kasulu. Tangu siku hiyo Mwajabu alipima kila kitu.

Hilali aliuza sukari, sabuni na mafuta ya kula kwa jumla, Kibondo na Kasulu. Wiki moja alilala kwa Mwajabu, wiki iliyofuata alilala kwa Asmahani, mke mdogo. Alijitahidi kutenda haki. Nyumba zote mbili alizijenga kwa ramani moja na kwa fundi mmoja. Bati ni za rangi moja. Viwanja alivinunua vya ukubwa mmoja, tena vyote vimepimwa na vina hati. Akinunua doti ya khanga, alinunua mbili.

Mwajabu alikuwa na hakika na hayo yote, kwa sababu alikwisha kumuuliza fundi kwa siri. Muuza bati naye alimuuliza.

Jioni moja alimwandalia mumewe ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka. Hilali alinawa mikono, akakaa, akashusha pumzi.

"Mama Nurudini, kodi hii itanitoa roho."

"Kodi gani tena, mume wangu?"

"Ya pango la ardhi. Kule kwa Asmahani wamepandisha kiwango. Kile kiwanja sasa thamani yake imekiacha hiki mbali kabisa."

Masikini Hilali! Alikuwa analalamika tu, kama mfanyabiashara yeyote anavyolalamika akitajiwa kodi. Lakini Mwajabu hakusikia malalamiko. Alisikia kwamba kiwanja cha mke mwenzake kina thamani kubwa kuliko chake. Akalirudisha tonge sahanini.

"Umeongeza nini kule?" akauliza.

"Kuongeza? Sijaongeza hata msumari."

"Sasa thamani imepandaje?"

"Waulize serikali," alijibu Hilali, akavuta bakuli la mchuzi karibu.

Wivu ulimwaka Mwajabu kifuani. Alisema moyoni, 'Ananificha. Ameweka vigae. Amejenga jiko la kisasa. Mimi ndiye niliyekula naye muhogo mkavu alipokuwa anauza sabuni kwa mche, leo aliyekuja juzi ndiye mwenye nyumba ya thamani!' Hilali alipoondoka kwenda Kasulu, Mwajabu alitoa begi, akapanga khanga zake na picha ya mama yake, akalisukuma chini ya kitanda. Akijua kwa hakika kwamba amedanganywa, atarudi kwao Ujiji.

Lakini kabla ya kuondoka alitaka kiwanja chake nacho kiongezeke thamani. Asishindwe.

Nafasi ilijitokeza upesi. Gari la matangazo lilipita mtaani. Maofisa wa ardhi watapita nyumba kwa nyumba kuhakiki viwanja, ukubwa wake na matumizi yake. Mwajabu alisikiliza neno moja tu: matumizi. Alikumbuka kusikia kwamba nyumba za biashara zina thamani kubwa.

Siku ya maofisa kupita alifungua dirisha la chumba cha mbele, ambacho Hilali alikifanya stoo. Akapanga mifuko ya sukari dirishani. Akapandisha juu yake katoni za sabuni. Akachukua mkaa, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: DUKA.

Ofisa aliyekuja alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu. Aliitwa Esteri Ininahazwe. Kazi yake ilikuwa uthamini, yaani kukadiria thamani ya ardhi na majengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu dukani."

Esteri alitazama ukuta. Unga wa mkaa ulikuwa bado unamwagika.

"Duka hili lina muda gani, mama?"

"Lipo siku zote. Andika biashara. Na thamani iandike kubwa, iwe juu kuliko ya Kasulu."

"Kuliko ya Kasulu?" Esteri alishusha kishikwambi chake. "Mama, unajua nikiandika biashara, kodi yako ya pango inapanda? Utailipa kila mwaka."

"Ipande!"

"Watu huniomba nishushe. Wewe ni wa kwanza kuniomba nipandishe."

"Andika, mwanangu. Nisije nikaonekana mimi ndiye wa kutupwa."

Esteri hajajibu, mara akaingia jirani, Mpawenimana, kapu mkononi. Huyu alikuwa mkulima, na mwenye maneno yake. Akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Nurudini! Kumbe umefungua duka hunambii? Nipimie sukari kilo moja."

Mwajabu aligeuka akaitazama mifuko. Mifuko ilikuwa ya mumewe, tena ya jumla. Mzani hakuwa nao. Hata bei hakuijua.

"Leo siuzi," akasema.

"Huuzi? Na ile sabuni?"

"Nayo siuzi."

"Ego, haya basi," alisema Mpawenimana, akitikisa kichwa. "Sasa duka la kutazama nalo limefika Kibondo."

Esteri alijizuia kucheka, lakini alishindwa. Mwajabu naye alitaka kucheka, ila machozi ndiyo yaliyowahi. Palepale, mbele ya jirani na ofisa, akasema yote. Alisema juu ya nyumba mbili za ramani moja, na thamani iliyopanda kwa mwenzake. Alitaja na begi la chini ya kitanda.

Mpawenimana alimshika bega. Esteri alikaa kwenye katoni ya sabuni, akaanza kueleza taratibu.

"Mama, hapa kuna kodi mbili. Kuna kodi ya jengo. Hiyo unakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Nyumba zenu ni za kawaida, hazina ghorofa, kwa hiyo mnakatwa sawasawa. Huko hujazidiwa."

"Sawa. Na hiyo aliyoisema mume wangu?"

"Hiyo ni ya ardhi. Inaitwa kodi ya pango. Sisi hatuulizi mwenye kiwanja ni nani, wala anapendwa na nani. Tunaangalia kiwanja kiko wapi. Tunaangalia kinatumika kwa nini, makazi au biashara. Halafu tunaangalia ukubwa wake. Mtaa ulio karibu na soko au barabara kuu una kiwango cha juu. Mtaa wa pembeni una kiwango cha chini. Mtu akijenga kibanda au akijenga jumba, kiwango cha ardhi ya mtaa ni kilekile."

"Hata akiweka vigae?"

"Vigae vinahesabika tukithamini jengo, labda mtu anauza au analipwa fidia. Kiwango cha ardhi havikigusi."

Mwajabu alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo Hilali hajaongeza kitu?"

"Sijui mama, sijafika. Lakini thamani ya ardhi inaweza kupanda mume wako akiwa amelala."

"Aa, nitakwenda nikaone mwenyewe," alisema Mwajabu.

Esteri aliandika makazi, akaaga. Mwajabu aliufuta ukuta kwa tambara. Kisha akafanya jambo ambalo Mpawenimana alilisimulia mtaani mwaka mzima. Alichukua kamba ya katani ya kufungia mizigo, akaivuta toka jiwe la mpaka wa nyuma hadi jiwe la mpaka wa mbele, akapiga fundo. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha urefu wa kiwanja chake. Aliizungusha kamba, akaitia ndani ya kapu, akapanda basi la Kasulu. Kama Asmahani ameongezewa hata hatua moja, fundo litasema.

Asmahani alikuwa anaanua nguo alipomwona mke mwenzake mlangoni. Alishtuka, nguo zikamponyoka.

"Dada! Karibu. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kutembea."

Mwajabu aliingia, macho yakaanza kazi. Sakafu ilikuwa ya saruji, kama yake. Jiko lilikuwa la mafiga, kama lake. Madirisha yalikuwa kama yake, ila yote yamefungwa, na ilikuwa saa ya joto.

"Mbona mmejifungia?"

"Vumbi na kelele, dada. Njoo uone."

Asmahani alifungua mlango wa mbele. Barabara kuu ilikuwa palepale. Malori yalipita, bodaboda zikipiga honi, na ng'ambo watu walikuwa wanashusha ndizi za kupeleka sokoni. Nyumba zilipoanza kujengwa, hapo palikuwa na njia ya udongo na shamba la mihogo.

"Barabara hii ilipofika, kila mtu alisema nimepata bahati," alisema Asmahani. "Bahati gani? Mtoto siwezi kumwachia atoke. Usiku silali. Baba Nurudini akija hapa, kazi yake ni kuusifu usingizi wa Kibondo. Mara migomba ya Mwajabu, mara kivuli cha Mwajabu. Dada, nisikufiche, nimekuonea wivu mpaka nimekonda."

Mwajabu alimtazama. Moyo wake ulijaa furaha, furaha isiyo nzuri sana, halafu aibu ikafuata.

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Nilimwomba tubadilishane nyumba. Akakataa. Nikasema basi, huyo ndiye anayependwa."

Mwajabu aliketi kizingitini. Kisha akatoa kamba kwenye kapu. "Na mimi nimekuja na hii kukupima," alisema. Walitazamana. Asmahani ndiye aliyeanza kucheka.

"Basi nipime, dada. Umetoka mbali."

Wakaenda nyuma ya nyumba. Asmahani alishika ncha moja kwenye jiwe la mpaka. Mwajabu alivuta kamba kupita ubavuni mwa nyumba, hadi mbele. Alifika kwenye uzio. Fundo lilikuwa bado mkononi. Alilipitisha juu ya uzio, akatoka nje, akaendelea kuvuta. Kamba ilinyooka, na Mwajabu akajikuta amesimama juu ya lami. Dereva wa bodaboda alimpigia honi.

"We mama, unaianika hiyo kamba?"

Mwajabu alikuwa anatazama fundo, kisha uzio, kisha fundo tena.

"Asmahani! Kiwanja chako kimekatwa!"

"Walichukua kipande cha mbele walipopanua barabara. Fidia alilipwa Baba Nurudini. Wakausogeza uzio."

"Na kodi? Mnalipia kiwanja kipi? Kile cha zamani au hiki?"

Asmahani hakujua. Wala Hilali, waliyemkuta dukani kwake, hakujua. Yeye alishtuka zaidi kuwaona wake zake wawili wanakuja pamoja, tena wameshika kamba. Alidhani wamekuja kumfunga.

Mwajabu alimweleza kama Esteri alivyomweleza yeye. "Kiwango kiko juu kwa sababu ya barabara. Hicho hatubishani nacho. Lakini kodi ni kiwango na ukubwa. Ukubwa umepungua. Twende ofisi ya ardhi."

Walikwenda asubuhi iliyofuata, wakiwa na hati na karatasi ya fidia. Ofisa aliangalia kwenye kompyuta. Kweli, kiwanja kilisomeka kwa ukubwa wa zamani. Aliwaeleza waandike ombi la marekebisho, na mpima ardhi akaja na vifaa vyake. Ilichukua muda, na Hilali alirudi ofisini mara kadhaa. Mwishowe ukubwa ulirekebishwa, na kodi ikashuka. Tangu hapo Hilali hulipa mapema, kwa namba ya malipo ya serikali anayoipata kwenye simu, na risiti huitunza. Tena majirani wa barabara ile, ambao nao walikatwa viwanja, walifuata njia hiyohiyo.

"Miaka yote hii nimelipia lami!" Hilali alisema. "Mama Nurudini, ulijuaje?"

"Nilikuja kukukamata," alijibu Mwajabu. "Nikakamata kodi."

"Ulidhani nimekudhulumu?"

"Nilidhani. Begi liko chini ya kitanda mpaka sasa."

Hilali hakucheka. Walipofika Kibondo, aliinama mwenyewe, akalitoa begi. Alizirudisha khanga kabatini moja moja, na picha ya mama mkwe akaitundika ukutani. Mwajabu alisimama mlangoni akimtazama. Safari hii hakupima kitu.

Mwaka uliofuata lami ilifika mtaani kwao Kibondo. Maofisa walipita tena. Jioni Hilali alikaa mbele ya ugali wake, akashusha pumzi.

"Mama Nurudini, thamani ya kiwanja chako imepanda."

Mwajabu alimsogezea bakuli. "Ni barabara, mume wangu. Tujiandae kulipa. Na kesho tuangalie kama wamegusa mpaka."

Alikula matonge mawili, kisha akanyoosha mkono kuchukua simu.

"Unampigia nani?"

"Asmahani," alisema Mwajabu. "Usimwambie wewe. Hili niache nimwambie mwenyewe, asije naye akafunga begi."